Kazi za Mikono Nyumbani: Kutoboa Kioo



Watoto wa Himbi, hapa Goma, hupenda kuvua visamaki ukingoni mwa Ziwa Kivu na kuvifuga nyumbani katika sanduku dogo la kioo. Baada ya siku chache visamaki hupanda juu vikitweta, kisha hufa. Sababu yake ni kinyesi chao wenyewe, ambacho huzaa amonia, sumu inayounguza matamvua.

Dawa ni kubadilisha sehemu ya maji mara kwa mara. Sanduku likiwa na tundu nyuma, upande wa juu, pamoja na bomba la kupeleka maji katika ndoo, mtoto atamimina maji mapya polepole, na yaliyozidi yatatoka yenyewe bila kulowesha sakafu ya mama.

Tulipojaribu mara ya kwanza, kazi ilikuwa karibu kwisha. Tukaona inakawia, tukakandamiza. Kioo kikapasuka hadi pembeni, na mtoto mwenye sanduku akatutazama bila kusema neno. Kosa lilikuwa letu. Basi tunawaandikieni tuliyojifunza.

Kwanza, hakikisheni kioo ni cha kawaida. Kioo kilichotiwa nguvu kwa moto, kama cha madirisha ya milango ya motokaa, hakitoboleki. Huvunjika chote kuwa punje.

Pili, tumieni bomba fupi la chuma lenye punje za almasi mdomoni. Almasi haikati kioo kama kisu, hukisaga. Kwa hiyo nguvu haina faida: huongeza joto, na joto hupasua.

Tatu, lazeni sanduku tupu juu ya blanketi. Tundu liwe mbali na ukingo, angalau kwa kadiri ya upana wake. Jengeni ukuta mdogo wa udongo wa mfinyanzi kulizunguka, mtie maji ya kupoza kioo na kuzuia vumbi lisiingie mapafuni. Keekee iwe ya betri, maana maji yakikutana na umeme wa nyumba huua mtu. Vaeni miwani ya kazi. Keekee izunguke polepole, na uzito wake wenyewe watosha. Mkifikia milimita ya mwisho, punguzeni mkono zaidi.

Kisha laineni kingo kwa msasa uliolowa, mfunge kiungo cha bomba na pete zake za mpira kwa vidole tu. Jazeni maji hadi juu ya tundu, huku mmeziba bomba, mwangalie siku nzima kama panavuja.

Kumbukeni pia kwamba maji yaliyotiwa klorini kwa ajili ya kunywa huua samaki. Wala msifuge sambaza, aliyeletwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika kati ya miaka ya 1958 na 1960: yeye ni samaki wa maji mapana, hadumu katika kioo. Vitoto vya tilapia huvumilia zaidi.

Yule mtoto tulimtafutia sanduku jingine. Safari hii alishika kikombe, akimimina maji penye tundu. Mkono wetu ulipoanza kuwa mzito, alisema kwa adabu: “Polepole, mwalimu.” Tukatii, na kioo kikatoboka salama.

Wazazi na walimu wenzetu, tusione haya kukumbushwa na watoto yale tunayowafundisha kila siku.