Neno la Mhariri: Bi Kidude Asikilizwe

Tangu tulipotangaza kwamba toleo hili litakuwa la Bi Kidude na nyimbo alizozipokea kwa wakubwa wake, zimetufikia barua nyingi zenye shutuma moja: kwamba Fatuma binti Baraka hakuwa mtungaji, kwamba nyimbo zilizompatia jina ni za Siti binti Saad, na kwamba, tukiziweka kando sigara zake, ulimi wake usiomcha mtu, na umri wake ambao yeye mwenyewe aliuhesabu kwa zama za rupia, hakisalii kitu cha kustahili kurasa za jarida. Shutuma hiyo imenikera, na kwa kuwa wanaoitoa ni watu wa elimu, wasiohitaji kuambiwa taarabu ni nini wala Siti alikuwa nani, nitawajibu kwa kirefu, hata ikiwa makala nyingine za toleo hili zitapata nafasi ndogo kuliko haki yake.

Na tuanze na wimbo wa Kijiti, maana ndio unaotajwa barua baada ya barua. Kisa chake ni maarufu: mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam aliuawa Unguja, aliyemwua akavuka bahari akaokoka, na mkono wa sheria, uliopaswa kumfuata, ukawaangukia waliokuja kutoa ushahidi. Siti alipouimba, wasikilizaji wake waliwajua wahusika kwa sura na mitaa yao, na kwa hiyo wimbo ulikuwa habari na mashitaka kwa pamoja, ukighaniwa kwa sauti nyembamba ipandayo juu, katika zama ambazo upande mmoja wa santuri haukuchukua ila dakika tatu hivi. Bi Kidude alipouimba katika uzee wake, muuaji, hakimu na mashahidi walikwisha kuwa udongo, wala hapakuwa na habari ya kumpa mtu. Basi akaushusha wimbo chini, akauchelewesha, akaziacha fidla zimalize alichokianza, akavuta pumzi bila ya kuificha, na jina la Kijiti akalitamka kwa uzito, kama anayemwita mtu ambaye hadi leo hajafika mahakamani. Maneno aliyapokea, lakini mashitaka ya Siti yamegeuka matanga kinywani mwake, na mwenye sikio la insafu hawezi kusema kwamba huo ni mwigo.

Chanzo cha tofauti hiyo ni ngoma. Bi Kidude alikuwa mpigaji wa msondo na mfundaji wa wari katika unyago kabla dunia haijamjua kwa taarabu, na katika unyago hakuna fidla wala ganuni ya kumshika mwimbaji mkono. Kuna ngozi, kuna itikio la wanawake, na kuna sauti ambayo lazima ivuke juu ya vyote viwili au izame. Mtu aliyelelewa na ngoma namna hiyo, akisimamishwa mbele ya kundi kama la Mila na Utamaduni, lililozoea kupanga lahani zake kwa adabu na utaratibu, huja na saa yake mwenyewe: neno analiangusha nyuma kidogo ya pigo, kisha analiwahi linalofuata, na kundi zima hulazimika kumngojea. Sikilizeni rekodi yake ya Muhogo wa Jang'ombe, wimbo mwingine wa urithi huo huo, mfumbe macho, na msahau yote mliyoyasoma juu ya mwimbaji. Mtamsikia mpiga msondo akiimba taarabu, nalo ni jambo ambalo Siti, kwa adhama yake yote, hakulifanya. Hata alipokubali kuimba na vijana wa Offside Trick katika Ahmada, hakuibadili saa ile ili awafuate. Vijana ndio waliomfuata.

Wanaoshikilia kwamba mwimbaji asiyetunga ni nusu ya mwimbaji wanaleta kipimo ambacho pwani hii haikupata kukitumia. Sisi wa Pemba tunawaheshimu Kamange na Sarahani, ambao mashairi yao yalikaa katika vifua na makaratasi ya watu kwa miaka mingi kabla ya kukusanywa katika Kale ya Washairi wa Pemba, kitabu kilichochapwa mwaka 2011. Na lau kama waliowahifadhi wangengoja mpaka wao wenyewe watunge ndipo waghani, pangekusanywa nini? Mpokezi hodari ana cheo chake. Sharti lake ni moja, nami nalishikilia kwa nguvu: atajwe aliyempokelea. Bi Kidude alilitimiza sharti hilo, kwani hakuacha kusema kwamba alimsikiliza Siti tangu utotoni. Na yeyote anayetoa kaseti au sidii yenye jina la mwimbaji peke yake, bila ya jina la mtungaji, anawadhulumu wote wawili.

Kuhusu sigara nitasema neno moja. Wapiga udi na wapiga fidla wa zama zile walivuta, na hakuna aliyewahi kuniandikia kwamba moshi wao umepunguza thamani ya muziki wao. Basi wanaoona moshi wa bibi mmoja tu wajiulize wanahukumu nini.

Hapa Pujini, ninapoandikia maneno haya, katika magofu ya ngome ya Mkama Ndume ya karne ya 15, kuna chumba kilichochimbwa chini ya ardhi, na katika chokaa ya ukuta wake watafiti walikuta umbo la siwa. Sura ya siwa imedumu zaidi ya miaka 500. Mlio wake hakuna aliye hai awezaye kutueleza. Nahofia kwamba tunamfanyia Bi Kidude vivyo hivyo kwa hiari yetu, maana picha yake imetapakaa kwenye kuta na fulana, na kila mtu anajua kwamba alipewa tuzo ya WOMEX mwaka 2005 na kwamba alifariki Bububu tarehe 17 Aprili 2013, ilhali ni wachache waliokaa wakazisikiliza rekodi zake mwanzo hadi mwisho. Filamu ya Andy Jones ya mwaka 2006 ina fadhila kubwa kwa kuwa imeihifadhi sauti pamoja na sura.

Katika kurasa zijazo msomaji atakuta uchambuzi mzuri wa zumari katika kirumbizi, na shairi la mwanafunzi wa Wete ambalo sikulibadili hata silabi. Makala inayojaribu kuuthibitisha mwaka wa kuzaliwa kwa Bi Kidude nimeikubali kwa sababu imeandikwa kwa uaminifu, ijapokuwa swali lake halinishughulishi.

Kinachonishughulisha ni kisiwa hiki. Waliokuja na vinasa sauti kuitafuta taarabu walishukia Unguja, na wachache mno wakavuka kuja kwetu, ilhali tunao wazee wa msewe na mabibi waimbao kwenye mchezo wa ng'ombe, ambao kila mmoja amebeba nyimbo za watu watatu au wanne waliomtangulia na kuzitia mkono wake. Basi kila msomaji mwenye kaseti kuukuu, ya arusi au ya ngoma, asiitupe wala asirekodi juu yake. Aandike kwenye kasha jina la mwimbaji, jina la aliyempokelea wimbo, kijiji na mwaka kama anaujua, kisha atuazime tuinakili, nasi tutamrudishia. Na mwenye simu yenye kinasa sauti na bibi aliye hai, aanze wiki hii.

Mhariri
Pujini, Pemba