Simu ya kuogopesha: kata kwanza, uulize, ndipo utume

Kuna simu moja ambayo kila mama wa Kolwezi, Likasi ao Kipushi anaiogopa: ile inayolia wakati bwana yake iko chini mu shimo. Namba haijulikani. Mwanaume anasema mbio mbio: «Mama, njo weye bibi ya Papa fulani? Shimo imemuangukia. Tuko naye ku lopitale, lakini dokta anakatala kumugusa bila franga. Tuma dola mia moja ku hii namba. Usikate telefone!»

Mama anatetemeka. Anakopa kwa jirani, anakimbia ku kabine, anatuma. Magaribi bwana anarudi nyumbani na vumbi ku nguo, anauliza chakula. Hakuumia. Hakuna lopitale. Na ile namba imekwisha kuzimwa.

Habari za namna hii zinazunguka katika makambi na makartie yetu, na kila mara watu wanamucheka aliyeibiwa: «Namna gani ulikubali?» Sisi tunasema: tusicheke. Yule mama hakuibiwa juu ya ujinga. Aliibiwa juu ya upendo, na juu ya jambo ambalo ni kweli: mashimo yanaanguka, watu wanakufa ndani, na mara nyingi mugonjwa anaombwa franga mbele ya kutunzwa. Muongo anajenga uongo wake juu ya ukweli wetu. Njo maana unashika.

Leo simu imekuwa banki ya mutu mudogo. M-Pesa, Airtel Money, Orange Money: humo njo mishahara inapita, bei ya mifuko ya madini, minervale ya watoto, na franga ya kutumia wazazi ku mugini. Mwizi anafuata pale franga inapolala. Zamani alivunja mulango; sasa anaita kwa heshima, na anakutaja jina.

Jina letu analipata wapi? Mara nyingi sisi wenyewe tunaliacha njiani. Daftari ya kabine inabeba namba yetu na kiasi tulichotuma, na kila mutu anayesimama pale anaweza kuisoma. Ku Facebook tunaweka picha na kofia ya kazi, jina la kampuni, majina ya watoto. Kwa hiyo mutu akikutaja jina, hiyo haiko alama kama anakujua.

Tutazame mitego ingine inayojulikana sana.

Ya kwanza ni franga «iliyokosea njia». Mesaji inaingia: umepokea dola 50. Kisha mutu anaita na kulia: «Yaya, nilikosea namba, unihurumie, unirudishie.» Mara nyingi ile mesaji aliiandika yeye mwenyewe, ilitoka ku namba ya kawaida. Usitazame mesaji, tazama konti yako: fungua menyu ya pesa mwenyewe na uhesabu kilicho ndani. Na hata kama franga iliingia kweli, usiitume wewe. Mwambie aende kwa kampuni yake ya simu, wao wairudishe. Ukimurudishia kwa mukono wako, na yeye aombe kampuni imurudishie pia, utalipa mara mbili.

Ya pili ni «service client» wa uongo. Anasema puce yako haikuandikishwa vizuri, konti itafungwa leo. Anakuomba ubonyeze nyota, namba fulani, kisha kode yako ya siri. Sikia vizuri: pale unapoandika kode, unatia sahihi ya kutoa franga yako. Mufanyakazi wa kweli hana lazima ya kode yako. Anayeiomba ni mwizi, hata akisema Kifaransa kizuri namna gani.

Ya tatu inatuuma zaidi, juu inakamata vijana: kazi ya uongo. Tangazo linapita ku WhatsApp na alama ya kampuni kubwa ya madini: wanatafuta machofere, wasudeli, walinzi. Unaandika, wanakujibu upesi kama umekubaliwa. Halafu: tuma kidogo kwa dosie, kidogo kwa vizita ya munganga, kidogo kwa botini na kofia. Kijana anauza telefone ao baba anauza mbuzi. Siku ya kuanza kazi, anafika ku geti na mulinzi hajui jina lake. Kanuni ni moja: kazi inakulipa wewe, haiko wewe unayelipa kazi.

Ya ine ni kode ya namba sita. Rafiki anakuandikia: «Nimetuma kode kwako kwa makosa, unipatie.» Ile ni ufunguo wa WhatsApp yako. Ukimupa, anaingia, na kesho ndugu zako wote wanasoma kwa jina lako: «Niko na shida, tuma dola mia.» Na yule rafiki aliyekuomba, pengine konti yake ilikwisha kuibiwa vilevile.

Mitego ni mingi, lakini dawa inafanana. Yote inakuomba haraka, na yote inakukataza kuuliza mutu mwingine. «Usikate telefone» njo maneno ya mwizi. Basi, kata. Mwite bwana, mwite chef wa ekipe, tuma mutoto wa jirani afike ku lopitale waliyoitaja. Na kama franga ilikwisha kwenda, usilale na haya. Ita kampuni ya simu dakika ileile, maana kama mwizi hajaitoa bado, inaweza kuzuiliwa. Usifute mesaji, andika namba na saa, peleka malalamiko kwa polisi ao ku parquet. Escroquerie ni kosa katika sheria ya inchi yetu, na tangu tarehe 13 mwezi wa tatu 2023 tuko na Code du numérique inayogusa makosa yanayofanyika kwa njia hizi.

Lakini si haki kumubebesha mama peke yake muzigo wote. Wakubwa nao waguswe. Kampuni za simu zinakata makato ku franga yetu kila siku. Basi ziweke watu wa kujibu usiku na mchana, na ziache puce zilizokwisha kuandikishwa kwa jina la mutu mwingine ziuzwe barabarani kama karanga. Polisi wapokee aliyeibiwa bila kumuomba franga ya transport. Mutu hawezi kuibiwa mara mbili siku moja.

Na kwa kampuni za madini na makooperative, tunaomba kitu kimoja kisicho na bei kali: namba moja ya jamaa. Namba inayojulikana, iliyoandikwa ku geti na ku ukuta wa kambi, ambayo bibi anaweza kuita na kuuliza: «Bwana yangu iko salama?» Tangu sheria ya madini ilipobadilishwa 2018, muchimbaji wa mukono anapashwa kuwa ndani ya kooperative. Kwa hiyo liste ya majina inapashwa kuwako. Kama liste iko kwa kuhesabu mifuko, iwe pia kwa kujibu mama anayelia.

Tukingojea wao, tuanze nyumbani. Leo magaribi, mbele ya kulala, baba, mama na watoto wachague neno moja la siri: jina la muto wa mugini, ao la kuku wa nyanya. Siku simu ya kuogopesha italia, uliza lile neno. Anayelijua, umusaidie. Asiyelijua, kata.