Mtoto Hatulii: Lawama za Nani?

"Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo," husema wahenga. Methali njema hii. Lakini huku kwetu, tangu Likoni hadi Kisauni na Changamwe, imegeuzwa bakora ya kuwachapia kina mama. Mtoto hatulii chuoni, juzuu haijafunuliwa keshachungulia dirishani mara kumi. Skuli hamalizi hesabu, nyumbani akitumwa chumvi husahau njiani. Basi anayelaumiwa kwanza ni mamake: kamdekeza, hakumkanya. Na baba, yuko barazani, huapa: "Ukoo wetu hauna mtoto wa namna hii!"

Una hakika, bwana?

Si kila mtukutu ana maradhi. Utoto ni kucheza. Lakini wako watoto ambao kutotulia, kusahau na kukurupuka kwao kumepita kiasi, nyumbani na skuli vilevile, mwaka baada ya mwaka. Madaktari huiita hali hii ADHD. Wataalamu waliolinganisha mapacha wa kufanana na wasiofanana wamekuta kwamba tofauti baina ya watu katika jambo hili, kwa kadiri ya asilimia 74, zatokana na urithi. Haiko mbali na urithi wa kimo. Wala si jeni moja tu. Mwaka 2023 utafiti wa watu zaidi ya 38,000 wenye hali hii ulionyesha sehemu 27 za urithi zinazohusika, kila moja ikichangia kidogo kidogo. Watu hao wengi walikuwa wa asili ya Ulaya. Ndiyo maana yafaa tufurahie kazi ya watafiti wa KEMRI-Wellcome Trust hapo Kilifi, ambao katika mradi wa NeuroDev wamechunguza jeni za watoto wetu na wazazi wao.

Nasi Waislamu jambo hili si geni kwetu. Imo katika Sahihi ya Bukhari habari ya bedui aliyemshitakia Mtume (S.A.W.) kwamba mkewe kazaa mtoto mweusi. Mtume akamwuliza habari za ngamia wake: ikiwa ni wekundu, yule wa kijivu katoka wapi? Bedui akajibu kwamba huenda ni asili iliyomvuta. Akaambiwa, na mwanao huenda ni vivyo hivyo. Mume akafunzwa kuutazama ukoo kabla ya kumtuhumu mke.

Urithi, hata hivyo, si sababu pekee. Sumu ya risasi, kama ile iliyowapata watu wa Owino Uhuru, Mikindani, kutokana na kiwanda cha kuyeyusha betri, nayo huharibu makini ya mtoto. Na malezi yana kazi yake: hayakuleta hali hii, lakini yaweza kuipunguzia uzito. Mwalimu amketishe mbele, ampe somo fupi, amwache anyooshe miguu. Mzazi amwagize jambo moja kwa wakati mmoja. Kombe anywe, dua asomewe, na hospitali apelekwe pia. Viboko vimekatazwa skulini na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013. Hata chuoni havimfundishi mtoto huyu ila kukichukia chuo chenyewe.

Basi, enyi kina baba, kabla ya kumnyooshea kidole mama watoto, waulizeni bibi zenu ninyi mlikuwaje utotoni. Hesabuni ngamia wenu kwanza.