Asiyehukumiwa Ndiye Aadhibiwaye



Wengi wetu tunapolitaja gereza hudhani ni nyumba moja yenye maisha ya namna moja. Sivyo. Ndani ya ukuta mmoja mna magereza kadhaa, na alalaye katika wadi hii hayajui maisha ya alalaye ng'ambo ya uwanja. Sisi mawakili tuingiao humo kuonana na wateja wetu tumeshuhudia jambo lisilostahili kunyamaziwa: katika nchi yetu, mtu ambaye hakuna mahakama iliyomtia hatiani mara nyingi huishi vibaya kuliko yule aliyekwisha kuhukumiwa.

Tuanze na aliyehukumiwa. Mfungwa wa Kamiti au Naivasha hana raha. Huchutamishwa kuhesabiwa asubuhi na jioni, na hufungiwa ndani jua lingali juu. Hata hivyo siku yake ina kazi. Yuko aendaye kwenye useremala, yuko ashonaye nguo, na Kamiti ndiko zilikotengenezwa nambari za magari yetu. Wengine husoma na kufanya mitihani ya taifa. Mageuzi yaliyoanza mwaka 2003, chini ya Moody Awori, yaliwaletea wafungwa magodoro na televisheni. Zaidi ya hayo, mfungwa anajua siku atakayotoka, na wengi wao hupunguziwa theluthi moja ya kifungo kwa mwenendo mwema.

Sasa tuvuke uwanja, tuingie rumande. Hapa hakuna karakana wala darasa. Mahabusu huketi tangu asubuhi hadi kufuli litakapofungwa, na usiku hulala ubavu, kichwa kwa miguu, kwa kuwa chumba kimejaa kupita kiasi. Ageukapo mmoja, sharti wageuke wote. Siku ya kesi huamshwa alfajiri, hupakiwa garini, na kungoja katika seli ya mahakama hadi aitwe. Shahidi hakufika, au faili haionekani. Basi kesi itatajwa tena siku nyingine. Hurudi alikotoka. Hana theluthi ya kupunguziwa kwa kuwa hana kifungo. Ana kungoja tu, na kungoja hakuna mwisho ulioandikwa.

Yuko na mama wa rumande. Sheria humruhusu kukaa gerezani na mtoto wake hadi mtoto atimize miaka minne. Je, mtoto huyu ameshtakiwa kwa kosa gani?

Hata seli za waliohukumiwa kunyongwa zinatufunza kitu. Kenya haijamnyonga mtu tangu mwaka 1987. Mwaka 2009 Rais Mwai Kibaki aliwabadilishia zaidi ya watu 4,000 hukumu ya kifo kuwa kifungo cha maisha, na Desemba 2017 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba kumlazimisha jaji kutoa hukumu ya kifo kwa kosa la mauaji ni kinyume cha Katiba. Taifa limeweza kumhurumia aliyepatikana na hatia ya kuua. Linashindwaje kumtendea haki asiye na hatia yoyote?

Serikali hujibu kwamba nafasi haitoshi. Jibu hili ni kongwe. Sheria ya Magereza, Sura ya 90, inaagiza wafungwa wagawanywe kwa makundi, watoto mbali na watu wazima, wapya mbali na wazoefu, lakini ikaacha mlango wazi: kadiri nafasi inavyoruhusu. Kupitia mlango huo uovu wote umeingia. Nasi tunauliza: nafasi hiyo imejazwa na nani?

Imejazwa na maskini. Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010 kinampa mshtakiwa haki ya kuachiliwa kwa dhamana yenye masharti ya haki, isipokuwa pawepo sababu nzito. Kifungu hicho hicho kinakataza mtu kuwekwa rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini pekee au kifungo kisichozidi miezi sita. Lakini dhamana ya shilingi 20,000, aitozwapo muuza mboga, si dhamana. Ni kufuli la pili. Mwizi wa mamilioni huilipa dhamana yake kabla ya chakula cha mchana. Mnyonge hulala ubavu mpaka kesi iishe.

Na akishinda kesi? Aliyepatikana na hatia, siku alizokaa rumande huzingatiwa katika kifungo chake. Ndivyo isemavyo Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai. Aliyeachiliwa huru hufunguliwa lango tu. Kazi imekwenda, nyumba imefungwa na mwenye nyumba, watoto wametawanyika.

Mwaka 1992 akina mama walikusanyika Uhuru Park wakidai wana wao waliofungwa kwa ajili ya siasa, na nchi nzima ikasikia. Mahabusu wa leo wana mama pia, ila majina yao hayajulikani na mtu.

Kwa hiyo tunadai haya. Mahakimu wapime dhamana kwa mfuko wa mshtakiwa, wala si kwa hasira ya mashtaka. Wakuu wa magereza wapeleke mahakamani, kila mwezi, orodha ya mahabusu ambao Katiba inakataza kuwazuilia. Bunge lifute maneno yale ya "kadiri nafasi inavyoruhusu", na liweke fidia kwa aliyezuiliwa bure.

Nanyi waumini, mnaopeleka sabuni na nyimbo gerezani siku za sikukuu, endeleeni. Lakini ulizeni pia wadi ya rumande iko upande gani. Ulizeni nani amekwama kwa dhamana ndogo, mchange, mmtoe. Siku ya kesi yake nendeni mkaketi mahakamani, mkiwa wengi na kimya. Hakimu aionaye kesi ikitazamwa haiahirishi ovyo.