MTOTO HUYU SI MVIVU

Shule ya Mugeza Mseto, Bukoba, huwapokea watoto wasioona na wenye ualbino. Shida yao yaonekana kwa macho. Lakini twauliza: ni nani amwonaye yule mtoto wa Muleba akokotoaye chenji ya ndizi sokoni bila kalamu, ila akifungua kitabu herufi zamchanganya? Huyo huitwa mvivu, akachapwa. Baraza la Mitihani huwaongezea watahiniwa wenye mahitaji maalumu dakika 20 kwa kila saa ya Hisabati, na 10 kwa masomo mengine. Atazipataje asiyetambuliwa? Ndugu wazazi, nendeni shuleni mapema, kabla ya darasa la saba. Mwombeni mwalimu amsomee maswali kwa sauti. Fimbo haijapata kumfundisha mtu kusoma.