Kila Kijiji cha Pwani Kiwe na Nguzo ya Bamvu

Wananchi wenzangu wa pwani, kuanzia Tanga hadi Mtwara, nanyi wa Unguja, Pemba na Mafia: naomba kila kijiji chenye ufukwe kiwe na nguzo moja ya kupimia maji na daftari moja la kuandikia, na kazi ianze mwaka huu. Haisubiri mfadhili. Inataka watu waliokubaliana kwamba hawataiacha njiani.

Kinachotusukuma kiko mbali sana na sisi. Greenland na Antaktika zimebeba barafu juu ya nchi kavu, na ile ya Antaktika ina unene wa wastani wa kilomita mbili hivi. Ya Greenland peke yake, ikiyeyuka yote, itapandisha bahari za dunia kwa mita 7 hivi. Haitayeyuka yote sisi tukiwa hai, lakini imeshaanza kupungua, na ya Antaktika Magharibi vilevile. Kati ya mwaka 1901 na 2018 bahari ilipanda kwa wastani wa sentimita 20, sehemu kwa maji ya barafu, sehemu kwa sababu maji yakipata joto hutanuka. Na kasi inaongezeka: kuanzia mwaka 2006 hadi 2018 ilikuwa milimita 3.7 kila mwaka.

Watu wengi hudhani maji hayo hugawanyika sawa kwa sawa duniani. Sivyo. Barafu ya Greenland ni nzito kiasi cha kuivuta bahari iliyo karibu nayo, ikaja juu kuizunguka. Barafu ikipungua, mvuto unalegea, na maji yaliyokuwa yameshikiliwa kule yanaachiwa yaende mbali. Kwa hiyo karibu na Greenland kwenyewe bahari hushuka, na huku kwetu, karibu na ikweta, hupanda kupita wastani. Barafu ya Antaktika nayo ikipungua, mambo ni hayo hayo. Sisi ambao wengi wetu hatujawahi kuona theluji ndio tunaopokea fungu lililozidi.

Barazani husemwa sana kwamba hali ya hewa imebadilika tangu dunia iumbwe. Ni kweli, na pwani yetu ni shahidi. Miaka 20,000 hivi iliyopita, maji mengi yalipokuwa yameganda huko kaskazini, bahari ilikuwa chini kwa mita 120 hivi kuliko leo, na Unguja ilikuwa sehemu ya bara. Katika Pango la Kuumbi, Jambiani, imechimbuliwa mifupa ya pundamilia. (Pemba ilibaki kisiwa, kwa kuwa mkondo wake ni wa kina kirefu mno.) Mabadiliko hayo ya kale yalianzia katika namna dunia inavyolizunguka jua na namna mhimili wake unavyoinama na kuyumba, kwa mizunguko ya makumi ya maelfu ya miaka. Mserbia Milutin Milanković alizipiga hesabu zake mwanzoni mwa karne ya 20, na hesabu hizo haziwezi kulieleza joto la miaka yetu.

Linaloeleza ni hewa iliyonaswa ndani ya barafu. Theluji ya Antaktika inapogandamana hufungia vipovu vya hewa ya wakati wake. Wanasayansi wa Ulaya walichimba mahali paitwapo Dome C, zaidi ya kilomita tatu kwenda chini, wakapata kumbukumbu ya miaka 800,000. Katika muda wote huo, kabla ya viwanda, hewa ya ukaa ilipanda na kushuka lakini haikuvuka sehemu 300 au zaidi kidogo katika kila milioni. Leo imepita 420. Ziada hiyo inatokana na makaa ya mawe, mafuta na gesi vinavyochomwa, pamoja na misitu inayofyekwa. Afrika nzima inatoa chini ya asilimia 4 ya hewa ya ukaa inayotolewa duniani kwa mwaka. Hii ni dhuluma, na tuiseme hivyo katika kila kikao. Lakini anayedai bila vipimo huambiwa alete ushahidi, nasi ushahidi wa ufukwe kwa ufukwe hatuna.

Mtazameni Maziwe, kisiwa kilicho mbele ya Pangani. Kilikuwa na miti, kasa wakipanda kutaga mayai. Leo ni fungu la mchanga linalozama maji yakijaa. Wapo wanaolaumu miti iliyokatwa, wapo wanaolaumu bahari, na hakuna daftari la kijiji la kuwaamua. Unguja mjini kuna kituo cha kupima bahari kilichoanza miaka ya 1980, na Mombasa kipo kingine cha miaka hiyo hiyo. Ni vituo vya thamani kubwa, lakini havitamwambia mtu wa Kilwa au wa Micheweni maji yamefika wapi kwao.

Wala macho hayatatusaidia. Wakati wa bamvu maji yetu hupwa na kujaa kwa karibu mita 4, mara mbili kwa siku. Milimita 3.7 za mwaka zinapotea humo. Hata baada ya miaka kumi ni upana wa vidole viwili tu, na msimu wa kusi mkali unaweza kuuficha. Ndiyo maana lazima tuandike, tena kwa miaka mingi.

Chagueni kitu kisichohama: nguzo ya gati au mwamba wa matumbawe. Msichague mnazi wala mchanga. Fungeni hapo bomba la plastiki lililosimama wima, lililozibwa chini na kutobolewa tundu dogo ubavuni, ili maji yaingie taratibu na wimbi lisiyatikise. Juu yake wekeni alama ya kudumu. Kila bamvu, siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, watu wawili wapime maji yakiwa yamejaa kabisa, wateremke kwa futi ya chuma kutoka kwenye alama hadi usoni pa maji. Waandike tarehe, saa, kipimo na upepo, kama ni kusi au kaskazi. Daftari likae shuleni, walimu wa hesabu walitumie darasani, nakala ibaki kwa mwenyekiti wa kijiji au kwa sheha. Humo humo ziandikwe habari za visima: ni kipi kimeanza chumvi, na mwezi gani.

Na kabla halmashauri yoyote haijatoa kibali cha kujenga ufukweni, kukata mikoko au kuchimba mchanga, wananchi waombe daftari hilo lisomwe mkutanoni, mbele ya wote, tangu ukurasa wa kwanza.