KOPO LA VITAMINI HALIWEZI KUWA MSHAHARA



Mwisho wa mwezi, saa ya chakula cha mchana, sisi tunaofanya kazi ya njia ya reli hapa Nakuru tulitembelewa na bwana mmoja mwenye koti safi na mkoba mkubwa. Hakuja kuuza viatu wala saa. Alikuja kuuza afya. Alitoa makopo ya vidonge, akayapanga juu ya sanduku letu la vyombo, akatuambia ya kwamba mfanya kazi wa Kenya huchoka kwa sababu damu yake haina vitamini na madini. Alisema vidonge vyake huondoa maumivu ya mgongo, presha, ugonjwa wa sukari na usingizi wa zamu ya usiku. Kopo moja la siku 30 ni shilingi 4,500. Tena akaongeza kwamba anayenunua makopo matatu na kuwaleta wenzake watatu atakuwa mfanya biashara, na hatasikia tena sauti ya msimamizi maishani mwake.

Wenzetu wanne walinunua. Mmoja alikopa katika chama cha akiba. Mwingine, ambaye alikuwa amepewa na daktari dawa ya presha ya kumeza kila siku, aliiacha akameza ya kopo. Wiki ya tatu alianguka akiwa kazini. Twamshukuru Mungu kwamba alianguka kando ya reli, si juu yake. Sasa amerudia dawa ya daktari, lakini deni la makopo lingali linakatwa.

Kwa sababu hiyo tumeona ni wajibu wetu kuandika.

Hatusemi kwamba vitamini ni uwongo. Wake zetu wakiwa waja wazito hupewa kliniki vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi, navyo huokoa damu ya mama na mgongo wa mtoto. Watoto wetu tangu miezi 6 mpaka karibu miaka mitano hupewa matone ya vitamini A kila baada ya miezi sita. Wazee wa milimani wanakumbuka watu waliokuwa na rovu shingoni. Tangu miaka ya 1970 sheria ya Kenya imetaka chumvi yetu itiwe iodini, na leo rovu si jambo la kila kijiji. Hayo yote yalifanywa kwa kipimo, kwa sababu inayojulikana, na bila mtu kuambiwa alete wenzake watatu.

Neno letu ni kipimo, maana kitu kile kile kinachosaidia chaweza kudhuru. Vitamini A ikizidi hudhuru ini, na hudhuru mtoto aliye tumboni. Vidonge vya madini ya chuma, mtoto mdogo akivipata na kuvila kama peremende, vyaweza kumwua. Basi je, nani aliyepewa kazi ya kusema hiki kinatosha na hiki kimezidi?

Iko kamati ya mataifa iitwayo Codex Alimentarius, maana yake Sheria ya Chakula. Ilianzishwa mwaka 1963 na mashirika mawili ya Umoja wa Mataifa, la Chakula na Kilimo na la Afya. Kenya iliingia mwaka 1969. Baada ya mabishano ya miaka mingi, mwezi wa Julai mwaka 2005, huko Roma, kamati hiyo ilikubali mwongozo juu ya vitamini na madini ya nyongeza. Mwongozo wasema watu wahimizwe kwanza kula chakula cha namna mbalimbali kabla ya kufikiria vidonge. Wasema kipimo cha siku kisiwe chini ya sehemu 15 kwa mia ya mahitaji ya mwili, ili mtu asiuziwe chaki, na kipimo cha juu kiwekwe kwa uchunguzi wa wataalamu juu ya usalama. Wasema kopo liandikwe kwamba haliwezi kushika mahali pa chakula, na kwamba liwekwe mbali na watoto wadogo.

Sasa wako watu wanaotuletea maneno katika simu, wakisema Codex ni njama ya wakubwa wa dunia kutunyang'anya vitamini. Wanachama, someni kabla ya kuamini. Mwongozo ule haukupiga marufuku vitamini hata moja. Tena hauna askari: ni mwongozo tu, kila nchi huutia katika sheria zake au huuacha, ingawa tangu 1995 Shirika la Biashara Duniani hutazama vipimo vya Codex nchi zinaposhtakiana juu ya usalama wa chakula. Huko Ulaya walitoa sheria yao mwaka 2002. Wauzaji wakaipeleka mahakamani Luxembourg, na Julai 2005 mahakama ikasema sheria isimame. Watu wa Ulaya bado wanameza vidonge mpaka leo. Anayepiga kelele ya njama mara nyingi ana makopo ya kuuza.

Bwana yule wa mkoba alituonyesha kwamba kopo lake limetoka Marekani, akasema, "Serikali ya Marekani imelipitisha." Sisi tulisoma shule ya misheni tu, lakini kusoma tulifundishwa. Sheria ya Marekani ya mwaka 1994 humruhusu mtu kuuza vidonge vya namna hiyo bila kuviombea kibali cha Serikali kwanza. Na mgongoni mwa kopo lile lile, kwa herufi ndogo kama chawa, kwa Kiingereza, tulikuta imeandikwa kwamba Serikali haikuyapima maneno hayo, na kwamba kitu hiki hakikukusudiwa kutibu ugonjwa wo wote. Kopo linasema halitibu, na mdomo wa mwuzaji unasema linatibu! Kiingereza kidogo kwa ajili ya hakimu, Kiswahili kikubwa kwa ajili ya mfanya kazi.

Tulimwuliza, "Hii ni dawa?" Akajibu, "Hapana, ni chakula." Tukamwuliza, "Ikiwa ni chakula, mbona yatibu presha?" Akatazama saa yake. Hapo ndipo penye mlango wanaopitia. Akija mkaguzi wa dawa, kopo ni chakula; akija mgonjwa, kopo ni dawa. Lakini sheria ya Kenya ya vyakula na dawa, iliyotungwa mwaka 1965, inakataza kutangaza chakula kwa njia ya uwongo au ya kudanganya. Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata habari za kweli juu ya kitu anachonunua. Basi sheria tunazo. Tunachokosa ni mtu wa kuzitembeza mpaka stendi ya magari, sokoni, na mahali pa kazi.

Hata hivyo, ndugu, tukimfukuza bwana wa mkoba tu, tutakuwa tumekata tawi na kuacha shina. Tujiulize kwa nini wenzetu walimwamini. Walimwamini kwa sababu kweli wamechoka, na kweli chakula chao hakitoshi.

Jambo hili lilijulikana zamani katika nchi hii. Katika miaka ya 1920 bwana John Boyd Orr, pamoja na daktari mkuu wa Serikali ya Kenya, Gilks, walichunguza miili na vyakula vya Wamasai na Wakikuyu. Kitabu chao kilitoka mwaka 1931. Waliandika kwamba mwanamume wa Kimasai, anayekunywa maziwa, kwa wastani alimzidi mwenzake anayekula nafaka kwa urefu wa inchi 5 na uzito wa ratili 23. Huyo Orr ndiye aliyekuwa mkuu wa kwanza wa Shirika la Chakula na Kilimo mwaka 1945, lile lile lililozaa Codex pamoja na Shirika la Afya. Basi, kwa njia fulani, mwongozo wa Roma una babu yake hapa kwetu. Lakini wakati wale wakubwa walipokuwa wakipima watu, wazee wetu waliokwenda kazini kwa wazungu walipewa posho ya unga, kama ratili mbili kwa siku, na unga ule ulihesabiwa kuwa chakula cha mtu mzima. Upungufu uliandikwa vitabuni. Mshahara haukuandikwa upya.

Na leo? Mwaka 2012 Serikali ilitoa amri kwamba unga wa mahindi na wa ngano wa pakiti utiwe vitamini na madini, na mafuta ya kupikia yatiwe vitamini A. Ni amri njema, nasi twaisifu. Lakini imeshika pakiti. Haikushika mashine ya kusaga ya mtaani, ambako mama wa nyumbani hupeleka debe lake la mahindi kwa sababu pakiti ni ghali. Tena mahindi hayo mara nyingi hukobolewa ili unga uwe mweupe, na kiini na maganda yenye vitamini huenda kwa kuku na ng'ombe. Kwa hiyo aliye na fedha kidogo zaidi ndiye anayekosa vitamini za Serikali, na ndiye huyo huyo anayefuatwa na bwana wa mkoba auziwe za kopo. Je, hiyo ni haki?

Tulifanya hesabu yetu kwa bei za soko letu. Zile shilingi 4,500 za kopo moja zingenunua pakiti ya maziwa ya shilingi 60 kila siku kwa mwezi mzima, trei mbili za mayai kwa 900, kilo sita za maharagwe kwa 900, sukuma wiki ya shilingi 20 kila siku, na shilingi 300 zingebaki kwa omena. Hicho ni chakula cha kugawana nyumba nzima, si vidonge vya mtu mmoja.

Kwa hiyo twadai haya:

1. Wakaguzi wa Serikali wafike stendi, sokoni na penye kazi. Mwuzaji wa vidonge asiingie mahali petu pa kazi kabla ya kumwonyesha kibali mwakilishi wa wafanya kazi.

2. Kila kopo liandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka: limo nini, kiasi gani, na kwamba si dawa wala halishiki mahali pa chakula. Kanuni za Codex zenyewe zataka maandishi yawe katika lugha ambayo mnunuzi aikubali.

3. Mashine ndogo za kusaga zisaidiwe na Serikali kupata vitamini za kutia katika unga na kifaa cha kupimia, bila kumpandishia mama bei ya kusaga.

4. Ofisi ya Kenya ya Vipimo vya Ubora, ambayo ndiyo mlango wa nchi yetu kwa Codex, iwakaribishe wafanya kazi wakati maoni ya Kenya yanapotungwa. Katika mikutano ya Codex vyama vya watengenezaji vina viti vya watazamaji. Shirikisho letu, COTU, lipeleke watu wanaokula ugali huo.

5. Katika kila mazungumzo ya mshahara, gharama ya chakula kamili cha jamaa iwekwe mezani kwa hesabu. Katiba, kifungu cha 43, imesema kila mtu ana haki ya kutokuwa na njaa na kupata chakula cha kutosha chenye ubora unaokubalika. Haikusema kila mtu ana haki ya kopo.

Nasi wenyewe tuna wajibu. Usiache dawa ya daktari kwa ajili ya maneno ya mwuzaji. Usikope fedha kununua vidonge. Ukiambiwa ulete wenzako watatu, jua ya kwamba wewe ndiwe bidhaa. Na wale wenzetu wanne tusiwacheke. Walikuwa wakitafuta nguvu ya kufanya kazi, na hakuna aibu katika hilo. Aibu ni ya aliyewauzia.

Mfanya kazi anayepata mshahara wa haki atanunua vitamini zake sokoni, zikiwa na udongo bado kwenye mizizi.

Umoja ni nguvu.

Sisi, wafanya kazi wa njia, Nakuru.